Chuma chenye herufi MAN LO na mbao nyeusi isiyoliwa na mchwa: nani anajua historia yake?

#1 Fundi wa Chuno
Wakuu, salamu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Chuno, Mtwara mjini. Mwezi uliopita nilinunua kwa muuza vyuma chakavu aibimu moja (boriti ya chuma yenye umbo la herufi I) ya futi saba, vipande vinne vya kenchi za chuma, yaani fremu za kubebea paa, zenye ribiti (pini nene za kuungia chuma), na mbao tano nene, nyeusi tii. Kaniambia vyote vimetoka kwenye ghala lililobomolewa upande wa Lindi. Ghala gani, la nani, hajui, naye aliuziwa.

Nimeunda meza ya kulia ya watu wanane. Mbao ziko juu, kenchi zimekuwa miguu, aibimu inapita chini katikati kama uti wa mgongo. Mteja wangu wa Shangani kaipenda, ila anadai historia. Anasema hela anayotoa si ya meza tu, anataka wageni wakiuliza awe na la kusema. Sasa mawili yamenishinda.

Kwanza, ubavuni mwa aibimu kuna herufi zilizoinuka, hazikuchongwa: MAN LO. Kushoto na kulia kwa herufi hizo ubavu umechomwa na moto wa gesi ya kukatia, kwa hiyo kilichotangulia na kilichofuata hakipo.

Pili, hizo mbao zimelala chini kwenye udongo kwa huyo jamaa misimu miwili ya mvua. Mbao za mkaratusi zilizokuwa kando yake zimeliwa zikabaki ganda, ukikanyaga unazama. Hizi mchwa wamezipita. Kwa nini? Na weusi huu ni wa nini?

Halafu nina dai, nipingeni: hizi fanicha za mtindo wa kiwanda zinazotamba mitandaoni, Dar wanazitengeneza kwa skwea paipu mpya iliyopakwa rangi nyeusi. Sisi kusini tunacho kitu chenyewe na tunakiuza kwa kilo.

#2 Kijana wa Mikindani
Picha mkuu. Meza bila picha ni samaki wa majini, hapangiwi bei.

#3 Fundi wa Chuno
Kioo cha simu kimepasuka, kesho naazima ya jirani.

#4 Bolti na Nati
Hapo picha ya nini? MAN ni Mjerumani, hao hao wa malori. Kiwanda cha Augsburg na cha Nürnberg viliungana 1898, na kabla hawajajua lori walikuwa wanajenga madaraja na mapaa ya chuma. Lindi Mjerumani alikaa mpaka Mwingereza alipoingia 1916. Ghala lako ni la Mjerumani. Mwambie mteja aongeze hela.

#5 Mpima Ardhi
#4 usimharakishe mwenzio. Herufi zilizoinuka hazitoki kwa mjenzi wa daraja, zinatoka kwenye kinu. Chuma kikiwa bado chekundu hupitishwa katikati ya roli kubwa, na jina limechimbwa kwenye roli yenyewe, ndiyo maana hujirudia kila baada ya hatua chache. Kwa hiyo tunatafuta jina la mwenye kinu.

Mimi naweka dau kwenye DORMAN LONG wa Middlesbrough, Uingereza. DOR imeondoka na moto wa upande mmoja, NG na moto wa upande wa pili. Hao ndio waliojenga daraja la bandari ya Sydney lililofunguliwa 1932, na lile la Birchenough kule Zimbabwe la 1935. Alipopita Mwingereza, vyuma vyao utavikuta.

#6 Bolti na Nati
Na kwa nini isiwe GERMAN, halafu neno jingine linaloanza na LO?

#7 Binti Ligula
Kaka, Mjerumani hajiiti German. Anajiita Deutsch.

#8 Bolti na Nati
Bidhaa ya kuuza nje ataandika lugha ya mnunuzi dada yangu. Sirudi nyuma.

#9 Mwalimu Mstaafu Lindi
Wanangu, mnakwenda mbali na jibu liko uani. Mmeisahau karanga?

Mwingereza alianzisha mpango wa karanga 1947, akaufuta 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikaenda na maji. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ili karanga zipate pa kupitia, ikajengwa reli kutoka Mkwaya, huku ndani ya ghuba ya Lindi, 1949, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Karanga hazikuota ilivyotarajiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Baba yangu alikuwa kibarua wa kupakua mataruma, zile mbao za kulalia reli, pale Mkwaya. Alikuwa na kovu begani la kubebea, tukiwa wadogo tunaweka kidole ndani yake.

Walileta hadi matrekta yaliyoundwa kwa vifaru vya vita aina ya Sherman. Watu wa kulimia kifaru wataacha kujenga ghala la chuma? Hicho kipande ni cha karanga.

#10 Kijana wa Mikindani
Shikamoo mwalimu. Hilo la vifaru ni kweli au unatuchangamsha?

#11 Mwalimu Mstaafu Lindi
Marahaba. Ni kweli. Kampuni ya Vickers ndiyo iliyovigeuza, wakayaita Shervick. Nenda kasome.

#12 Randa
Niacheni chuma, nijibu mbao. Mbao nyeusi isiyoliwa ni oili chafu tu, hakuna muujiza. Kila fundi wa kusini anaijua: unachukua oili iliyomwagwa gereji, unapaka makoti matatu, mchwa anageuza njia. Wenye maghala walipaka nguzo na sakafu hivyo miaka nenda rudi.

#13 Mkorosho Dume
#12 inawezekana, lakini Fundi, kabla hujapiga msasa tena nisikilize.

Mwaka fulani nilipata mbao kama hizo kutoka kwenye banda la zamani la kubangulia korosho. Nyeusi, zinang'aa kidogo, nzito. Nikapitisha grenda yenye msasa mchana kutwa, kifua wazi, kwa sababu ya joto. Usiku mikono ikaanza kuwasha. Asubuhi malengelenge kuanzia vidoleni hadi viwikoni, na kwenye shingo pale jasho lilipobeba vumbi. Ngozi ilitoka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji. Wiki tatu sikushika randa.

Ni mafuta ya ganda la korosho. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanapaka majivu au mafuta ya kula vidoleni kabla ya kuanza, si kwa urembo. Mafuta yale yanaingia kwenye mbao, yanakuwa meusi, na mdudu hayataki. Wapo wanaoyapaka makusudi kwenye mbao na vyombo vya majini. Kwa hiyo mchwa wako wana akili kuliko mimi.

#14 Fundi wa Chuno
#13 umenitia baridi. Nimeshapiga msasa mbao mbili na sijawashwa. Ila nilivaa shati la mikono mirefu.

#15 Randa
Hajawashwa, basi ni oili chafu. Ahsante, kesi imefungwa.

#16 Mkorosho Dume
Mafuta yakikaa miaka mingi yanakauka na makali yanapungua. Usifunge kesi isiyo yako.

#17 Mchomeleaji wa Kike
Nimesoma yote. Mmesahau ribiti, na ribiti ndiyo saa ya jengo.

Ribiti ya kweli haipigwi ikiwa baridi. Inapikwa hadi iwe nyekundu, inarushwa, anaidaka mwenzio kwa koleo, inaingizwa tunduni, mmoja anaegemeza upande wa kichwa na mwingine anagonga upande wa pili mpaka itengeneze kichwa kingine. Ikipoa inafupika, inazikaza zile bamba mbili kwa nguvu ambayo bolti hukupi kirahisi. Kazi ya watu watatu wanne kwa tundu moja. Kulehemu na bolti ngumu vilipoenea baada ya vita ya pili, ribiti ikaanza kufa. Kwa hiyo kenchi hizo zaweza kuwa za Mjerumani, zaweza kuwa za Mwingereza wa kabla ya vita, na hata karanga za mwalimu zinaingia kwa tabu. Viwanda vya korosho vya miaka ya 1970 haviingii.

Fundi, jingine. Chini ya kutu una rangi nyekundu inayoelekea chungwa? Kama ipo usiikwangue kwa grenda. Rangi za zamani za kuzuia kutu zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linakaa mwilini, watoto ndio huumia zaidi. Ilowanishe, ikwangue kwa mkono, vumbi ulifungie kwenye mfuko. Na wewe unayesoma hapa ukafikiria kwenda kuchukua paa la ghala: yale mabati ya kijivu yenye mawimbi yanayovunjika kama kigae yaweza kuwa asbesto, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Yaache yalivyo.

#18 Fundi wa Chuno
Ipo hiyo nyekundu, kwenye pembe za bamba za pembetatu. Ahsante dada. Nilikuwa nawaza kuiacha ionekane, inapendeza.

#19 Mchomeleaji wa Kike
Kwenye meza ya kulia! Funika.

#20 Kinondoni Mpya
Naona mmezama kwenye herufi, mimi najibu dai. Mtindo huu si wa kusini wala wa Dar. Ni wa New York. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya mtaa wa SoHo vilikuwa vimekufa, wasanii wakahamia ndani kinyemela kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na madirisha makubwa. Hawakuwa na hela ya samani, wakatumia walichokikuta: benchi za kazi, taa za mashine, makabati ya chuma. Matajiri walipoona wakaanza kununua umaskini ule kwa bei ya juu. Sasa na sisi tunauza. Skwea paipu mpya haina dhambi, haina risasi wala malengelenge.

#21 Binti Ligula
#20 umeanzia katikati. Nasomea usanifu, nivumilieni.

Mbunifu wa samani Marcel Breuer 1925 alikuwa na baiskeli, akaangalia usukani wake, bomba lililopindwa bila kuvunjika, akajiuliza kwa nini kiti kisiwe hivyo. Kabla yake Thonet, mtengeneza viti, 1859, kiti namba 14: vipande 6 vya mbao, skrubu 10, nati 2. Vikifunguliwa viti 36 vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Hicho ni kiti kilichofikiriwa kama kiwanda, na hakina chuma cha kuonyesha. Vile viti vya bati vya kila baa sasa, vyenye matundu kwenye kikalio, vinaiga cha Mfaransa Xavier Pauchard cha 1934. Matundu ni ya kutoa maji ya mvua. Wanaoviiga wengine hawatoboi.

Ninayempenda mimi ni Jean Prouvé, Mfaransa pia, fundi chuma kabla ya kuwa kitu kingine. Kiti chake cha 1934 kina miguu ya mbele ya bomba jembamba na ya nyuma minene, ya bati lililokunjwa likawa na uwazi ndani, pana pale linapokutana na kikalio. Kwa nini? Kaa kwenye kiti uone uzito wako unaenda wapi. Unaenda nyuma. Mguu umenenepa pale unapobeba, kama kenchi. Ukichukua skwea paipu ya unene mmoja kila mahali ukaipaka nyeusi, umechukua rangi ya kiwanda ukaacha akili yake.

Kwa hiyo Fundi swali langu si ghala lilikuwa la nani. Kenchi ilikuwa inabeba bati na upepo kwa kulala juu. Wewe umeisimamisha ikawa mguu. Inafanya kazi gani sasa hivi? Au ni pambo zito?

#22 Fundi wa Chuno
Dada umenichapa mbele za watu.

Nijibu kiufundi. Nimeikata kenchi pale kwenye bamba la kiungo, ribiti sita kila bamba, nikaigeuza: upande mpana juu kupokea mbao, ncha chini. Zile pembetatu zinazuia meza isiyumbe kushoto na kulia. Aibimu inazuia isiyumbe mbele na nyuma. Sijaongeza hata mshazari mmoja mpya. Watoto wa jirani wamekaa juu yake sita, haikucheza. Pambo ni pale nilipoacha tundu tupu za bolti nilizoweza kuziba.

#23 Binti Ligula
Hapo nimenyamaza. Ziache tundu.

#24 Nahodha wa Msimbati
Nyie wa bara mnaona kiwanda ni chuma. Nenda Mikindani zile nyumba za mawe. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, na hata kitanda kikapangwa kwa urefu wa ukuta. Chuma cha Fundi ndicho kilichokuja kuvunja amri ya mkoko, ghala likawa pana bila nguzo katikati. Mtu angechonga fanicha za kuanzia hapo, kwenye kipimo cha boriti, ningesema kweli huyu wa kwetu. Dorman sijui Long ni wa kwao tu, aliletwa.

#25 Bolti na Nati
Wa bara? Mimi nimezaliwa Chikongola, bahari naiona dirishani.

#26 Nahodha wa Msimbati
Kuiona si kuijua.

#27 Mama wa Shangani (si yule mteja!)
Nawapa la kwangu, maana mnasifia chuma kama mnaishi Dodoma. Niliagiza rafu ya vitabu ya mtindo huo, chuma kitupu kinachong'aa, juu kimepakwa vanishi ya maji ili "kionekane kilivyo". Nyumba yangu iko hatua mia mbili kutoka baharini. Miezi minne tu, chini ya ile vanishi ikaanza kuota mistari ya kutu, myembamba, imejipinda kama nyayo za minyoo, na ukipitisha kidole juu ni laini kabisa. Kutu iko ndani ya kioo. Nikimwita fundi ananiambia hiyo ndiyo staili.

#28 Mchomeleaji wa Kike
#27 pole. Chumvi ilishakaa kwenye chuma kabla ya vanishi. Pwani huku chuma kitupu lazima kisafishwe hadi kiwe cheupe, kifutwe kwa thina, kipakwe siku hiyo hiyo. Vinginevyo piga redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi juu, usione haya. Kama unataka rangi ya chuma, paka mafuta ya linsidi ya moto, membamba kama jasho, ukaushe, urudie, na kila mwaka upitishe nta. Kutu iliyoshikamana ya miaka themanini ina nafuu kuliko chuma kipya: ile inayobomoka imeshaondoka zamani.

#29 Mpima Ardhi
Tumetoka njiani. Fundi, kuna njia ya kuamua mzozo wetu bila kelele. Pima kimo cha aibimu kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, si kwa tepu ya mpira. Mwingereza alikuwa anaviringisha kwa inchi, Mjerumani kwa milimita. Ukipata 152, ni inchi sita, Mwingereza. Ukipata 160 au 200 kamili, nampa Bolti na Nati soda.

#30 Bolti na Nati
Baridi.

#31 Fundi wa Chuno
Nimepima mara tano, sehemu tano. Kwa kalipa ya kuazima. Nimepata 151, 153, 150 na kitu, 154 palipo na kutu, na 151.

#32 Bolti na Nati
150! Mjerumani alikuwa na aibimu ya 150. Soda yangu.

#33 Mpima Ardhi
151 na 153 zinazunguka 152. Kutu inanenepesha hapa, inakula pale. Hakuna soda.

#34 Kijana wa Mikindani
Gawaneni, mmoja anywe, mwingine abaki na chupa.

#35 Karani wa Ghala
Nimekuwa msomaji tu, naomba niharibu sherehe. Nimefanya kazi kwenye maghala ya korosho tangu kabla mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani haujaja. Muuza vyuma chakavu hanunui jengo, ananunua mzigo. Fuso moja inabeba vya Lindi, vya Mtama na vya Nachingwea. Nani kasema mbao na chuma vilitoka paa moja? Dada #17 kathibitisha ribiti si za kiwanda cha korosho cha miaka ya 1970. Mkorosho Dume kathibitisha weusi ni wa korosho. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi na bado Fundi hana historia moja, ana mbili.

#36 Mkorosho Dume
Au ghala la zamani la chuma lilikuja kuwekewa korosho baadaye. Vile viwanda vipya vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani, vingi vilikuja kusimama, maana zao lilishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74. Sasa kama kiwanda kinageuzwa ghala, ghala la Mjerumani litashindwa kuwekewa korosho?

#37 Karani wa Ghala
Gunia la korosho ghafi halivuji mafuta sakafuni. Nimelala juu ya magunia hayo usingizi wa mchana miaka kumi na mbili, ningekuwa sina ngozi.

#38 Mkorosho Dume
Hapo umenibana kidogo. Lakini kidogo.

#39 Mwalimu Mstaafu Lindi
Na taruma? Mbao za reli zilikuwa zinapikwa kwenye kreosoti, mafuta ya lami, nyeusi, mchwa hazigusi. Fundi, zinanuka lami ukizisugua?

#40 Mpima Ardhi
Mwalimu, taruma lina tundu za misumari mikubwa na halina urefu wa meza ya watu wanane. Na kama ni mali ya reli, Fundi aache kabisa, hiyo ni mali ya umma, ataitwa akaeleze.

#41 Fundi wa Chuno
Si taruma wakuu, msinitie polisi! Ni mbao za futi tisa, unene inchi mbili na nusu, tundu ni za misumari ya kawaida. Hazinuki lami. Nimesugua, nimenusa, mke wangu kanusa. Yeye kasema zinanuka kabati la bibi.

#42 Randa
Ni mti gani kwanza? Tunabishana kuhusu shati bila kujua mwili.

#43 Fundi wa Chuno
Ndani ni kahawia inayoelekea wekundu, nyuzi zimesokotana, randa inakwaruza. Nadhani mkongo. Jirani anasema mvule.

#44 Randa
Mkongo au mvule, mchwa hawana haja navyo hata bila oili. Najiondoa kwenye kesi kwa heshima.

#45 Binti Ligula
Kuna la tano hamjalitaja. Miti mingi migumu ina dawa ya asili ambayo ikikutana na chuma na unyevu inageuka nyeusi. Ndiyo ile duara nyeusi kuzunguka msumari. Ghala la bati linalovuja, maji ya kutu yanadondoka miaka arubaini, mbao yote inakuwa nyeusi. Fundi, kamua ndimu mahali pasipoonekana, acha nusu saa. Weusi wa chuma utapauka. Oili au korosho havitajali ndimu.

#46 Kinondoni Mpya
Wakati mnasubiri ndimu: nimechora kabati ambalo juu lina meno ya msumeno kama paa la kiwanda, kioo upande mmoja wa kila jino. Mnaonaje?

#47 Mpima Ardhi
Meno ya msumeno yana sababu. Kioo kinalipa jua mgongo, mwanga uingie bila jua lenyewe, fundi aone uzi bila kukunja uso. Uingereza kioo kinatazama kaskazini. Ukikopi hivyo hivyo huku kusini mwa ikweta umeingiza tanuri ndani.

#48 Binti Ligula
Na Mtwara ni mbaya zaidi, tuko nyuzi kumi kusini. Jua linapita kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, lakini kuanzia Oktoba ikielekea kuisha hadi Februari ikielekea kuisha linapita kusini. Kioo chako hakina mgongo wa kudumu.

#49 Kinondoni Mpya
Jamani ni kabati la vikombe.

#50 Nahodha wa Msimbati
Vikombe navyo vina macho.

#51 Fundi wa Chuno
Majibu ya ndimu. Mbao namba moja, kwenye tundu la msumari: imepauka, duara limekuwa kama chai ya maziwa. Mbao namba moja, katikati: haijabadilika. Mbao namba nne: haijabadilika kabisa, na tone la ndimu limesimama juu kama kwenye jani la mgomba, halikuingia. Mbao ya tatu imepauka nusu nusu, na vidole viwili vya mkono wa kulia vinaniwasha, sijui ni mbao au ni ndimu kwenye mkwaruzo.

#52 Randa
Halikuingia = mafuta. Oili chafu. Narudi kwenye kesi.

#53 Mkorosho Dume
Vidole vinawasha. Sisemi neno.

#54 Karani wa Ghala
Mbao tano, majibu matatu. Nilisema mzigo wa Fuso.

#55 Fundi wa Chuno
Taarifa: mteja kaja na gari asubuhi, kachukua meza. Ilibidi tuwe wanaume saba, na geti lake ni la futi tatu, tukaifungua bolti barazani tukaiunga upya ndani. Nilimwambia yote: Mjerumani, Dorman Long, karanga, korosho, oili, kutu. Nikadhani atakasirika. Kacheka, kaniambia niyaandike yote kwenye karatasi, atawasomea wageni wachague. Bei alikata elfu hamsini, kwa ajili ya "historia isiyo na uhakika".

#56 Kijana wa Mikindani
Na picha hukuweka.

#57 Fundi wa Chuno
Nimesahau wallahi. Ila kipande cha aibimu kilichobaki ninacho, futi moja, hakina herufi.

#58 Mfuga Kuku wa Mnazi Mmoja
Nimefika kwenye huu uzi nikitafuta dawa ya mchwa. Nina aibimu kama hiyo, ndiyo kizingiti cha banda langu la kuku, niliikuta kwenye kiwanja. Sasa hivi nimetoka kusugua kwa brashi ya waya. Zimetoka herufi nne, zimeinuka kama alivyosema Fundi: LAND. Mbele yake imezikwa kwenye saruji.

#59 Mpima Ardhi
ENGLAND! Middlesbrough, England! Soda yangu iko wapi?

#60 Bolti na Nati
Dada wa Ligula, hebu mwambie tena mwenzio Mjerumani anaiitaje nchi yake.

#61 Binti Ligula
Deutschland.

#62 Mfuga Kuku wa Mnazi Mmoja
Nivunje saruji?

#63 Mpima Ardhi
Usiguse. Jumamosi nakuja na patasi yangu, na Bolti na Nati aje ashuhudie.

#64 Mfuga Kuku wa Mnazi Mmoja
Karibuni. Ila kuku wanaatamia, mtasubiri watotoe.